Kutoka Teletaipu hadi Seva Isiyo na Skrini: Historia ya Uchaguzi wa Mfumo Endeshi wa Seva ya Nyumbani Inayosimamiwa kwa Mbali, 1969–2024

1.0 Utangulizi

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayowashwa usiku na mchana ili kutunza mafaili, picha, nakala rudufu na huduma nyingine za mtu mmoja au za familia. Mara nyingi huwekwa kando ya ruta, kabatini au juu ya rafu, bila skrini, kibodi wala kipanya. Msimamizi wake huifikia kupitia mtandao tu, na aghalabu huwa mbali nayo: kazini, safarini au katika mji mwingine. Anayebaki karibu nayo huwa ni mzazi au ndugu ambaye msaada wake hauzidi kuuchomoa waya wa umeme na kuuchomeka tena.

Hali hiyo hulipa swali la mfumo endeshi uzito usiokuwapo katika kompyuta ya mezani. Kompyuta ya mezani ikikosea, kosa huonekana kwenye skrini na kurekebishwa papo hapo. Seva isiyo na skrini ikikosea jambo dogo la mtandao, mashine nzima huonekana kama imekufa. Diski zinazunguka, taa zinawaka, picha za familia zimo salama, lakini hakuna anayeweza kuingia.

Insha hii inachunguza namna swali hilo lilivyojengeka kihistoria, kuanzia kuzaliwa kwa Unix mwaka 1969 hadi tukio la mlango wa siri uliogunduliwa mwaka 2024. Hoja yake ni kwamba anayechagua mfumo endeshi wa seva ya namna hii huchagua, kabla ya hitilafu kutokea, njia ya kurejea ndani ya mashine pamoja na watu watakaoitunza njia hiyo kwa miaka. Wingi wa programu na uzuri wa sura, ambavyo ndivyo hutajwa kwanza katika mijadala mingi, huja baada ya hayo.

2.0 Asili ya Usimamizi kwa Maandishi

Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao, baada ya maabara hiyo kujiondoa katika mradi mkubwa wa Multics. Mashine ya kwanza iliyotumika ilikuwa PDP-7. Mtumiaji aliwasiliana na kompyuta kwa teletaipu, yaani mashine ya taipu iliyounganishwa kwa waya na kuchapa majibu kwenye karatasi. Teletaipu ya Model 33, iliyoenea wakati huo, ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde. Kifaa cha kasi hiyo kilifaana na amri fupi na majibu mafupi, na ndivyo amri za Unix zilivyokuwa: nyingi zina herufi mbili au tatu.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba Unix haikuwahi kudhani kuwa mtumiaji ameketi mbele ya skrini iliyoshikamana na mashine. Mtumiaji alikuwa upande wa pili wa waya, na kilichopita kwenye waya huo kilikuwa ni maandishi. Mipangilio ya mfumo iliwekwa katika mafaili ya maandishi ambayo mtu aliweza kuyasoma na kuyahariri kwa waya huohuo mwembamba. Kifupisho cha herufi tatu, tty, kitokanacho na jina la teletaipu, kingali kikitumika katika mifumo ya ukoo wa Unix hadi leo.

Katika mwaka huohuo wa 1969 ulianza pia mtandao wa ARPANET, na waraka wa kwanza wa kueleza itifaki ya Telnet ukatolewa mwezi Septemba. Telnet ilimwezesha mtu kuingia katika kompyuta ya mbali kana kwamba teletaipu yake imeunganishwa nayo moja kwa moja. Hivyo, usimamizi wa mbali haukubuniwa baadaye kama nyongeza. Ulikuwa hali ya kawaida, na kompyuta ya mezani yenye dirisha na kipanya ndiyo iliyokuja baada yake.

Mifumo iliyozaliwa kwa ajili ya kompyuta binafsi ilisafiri njia tofauti. Windows ilijengwa juu ya dhana ya mtu mmoja mbele ya skrini moja. Kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la Terminal Server la Windows NT 4.0 mwaka 1998, na kwa toleo hilo skrini yenyewe ilipitishwa mtandaoni. Ilipofika mwaka 2008, Windows Server ilipewa namna ya usakinishaji iitwayo Server Core, isiyo na eneokazi la kawaida la madirisha. Hatua hizo zilionesha kuwa hata upande huo ulitambua kwamba skrini ni mzigo kwa mashine isiyotazamwa na mtu.

3.0 Mifumo Huria Yaingia katika Kompyuta za Bei Nafuu

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, Unix ilikuwa mali ya vyuo vikuu na makampuni yenye uwezo. Mambo matatu yaliibadili hali hiyo. Kwanza, Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983 kwa lengo la kutengeneza mfumo huru unaofanana na Unix. Pili, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha Linux mwezi Agosti 1991. Tatu, kazi ya Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley juu ya Unix, ijulikanayo kama BSD, ilihamishiwa katika kompyuta za kawaida kupitia 386BSD mwaka 1992, na mwaka uliofuata ikazaa FreeBSD na NetBSD.

Ushindani kati ya Linux na BSD haukuamuliwa na ubora wa kiufundi peke yake. Mwaka 1992, kampuni tanzu ya AT&T iliyomiliki Unix iliishtaki kampuni ya BSDi, na baadaye chuo chenyewe, kwa madai kwamba msimbo wake ulitumiwa bila idhini. Kesi hiyo ilimalizwa kwa makubaliano mwanzoni mwa mwaka 1994, na FreeBSD ikalazimika kujengwa upya juu ya msimbo usio na mgogoro, ikatoa toleo la 2.0 mwezi Novemba mwaka huo. Katika kipindi hicho cha wasiwasi, Linux iliendelea kukua bila kesi ya aina hiyo shingoni mwake. Huu ni mfano wa mapema wa jambo linalojirudia katika historia hii: hatima ya mfumo endeshi hutegemea pia leseni, umiliki na uaminifu wa walio nyuma yake.

Mnamo Agosti 1993, Ian Murdock alianzisha Debian, yaani usambazaji unaokusanya kiini cha Linux na programu zake zikiwa zimepangwa tayari. Mwaka 1997 mradi huo ulipitisha mkataba wa kijamii uliotaja wajibu wake kwa watumiaji, ikiwamo kutoficha matatizo. Mwaka 1999 toleo lake la 2.1 lilikuja na APT, chombo kilichorahisisha kupakua programu pamoja na vyote inavyovitegemea. Kwa seva iliyo mbali, manufaa yake yalikuwa makubwa. Msimamizi aliweza kuhama kutoka toleo moja hadi jingine akiwa mbali na mashine, bila diski ya usakinishaji na bila kuanza upya.

4.0 Mlango na Kufuli

Telnet ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: ilipitisha kila kitu wazi, nywila zikiwamo. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki ulishambuliwa kwa programu iliyonasa nywila zilizokuwa zikipita. Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho, alitengeneza itifaki ya SSH ambayo husimba mawasiliano yote na kuthibitisha utambulisho wa pande zote mbili. Aliitoa kwa umma mwezi Julai mwaka huohuo. Leseni ya matoleo yaliyofuata ilipoongezewa masharti, mradi wa OpenBSD chini ya Theo de Raadt ulichukua toleo la awali lililokuwa huru, ukalisafisha, na kulitoa kwa jina la OpenSSH ndani ya OpenBSD 2.6 mwezi Desemba 1999.

Tangu hapo mifumo karibu yote ya ukoo wa Unix ilishiriki mlango mmoja wa kuingilia. Msimamizi wa FreeBSD, Debian au Red Hat alitumia amri ileile na ufunguo uleule. Matokeo yake ni kwamba swali la kuwapo kwa mlango lilikoma kutofautisha mifumo. Maswali yaliyobaki yalikuwa magumu zaidi: nani huhakikisha mlango huo unafunguka baada ya kila sasisho, na nani huziba nyufa zake?

Kuingia kwa SSH, hata hivyo, hutegemea mashine kufika hatua ya kuwaka kikamilifu. Kompyuta nyingi za zamani zilisimama zilipokosa kibodi, zikisubiri mtu abonyeze kitufe. Mfumo wa Linux unaoshindwa kuipata diski iliyoorodheshwa kuwa ya lazima unaweza kuingia katika hali ya dharura na kusubiri nywila kwenye skrini isiyokuwapo. Seva za makampuni zilipatiwa suluhisho la itifaki ya IPMI mwaka 1998, ambayo humwezesha msimamizi kuiona na kuiwasha mashine hata mfumo endeshi ukiwa umelala. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina kifaa hicho. Kwa sababu hiyo, msimamizi wa seva ya nyumbani huutegemea mfumo endeshi kuliko anavyoutegemea fundi wa kituo cha data.

5.0 Seva Yaingia Nyumbani

Muongo wa kwanza wa karne ya 21 ulizileta seva majumbani kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilikuwa ya mfumo maalumu wa kutunza mafaili. Mwaka 2005 Olivier Cochard-Labbé alianzisha FreeNAS kwa msingi wa FreeBSD, na msimamizi akaiendesha kupitia kivinjari. Mfumo wa mafaili wa ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005 na kuingizwa katika FreeBSD 7.0 mwaka 2008, uliongeza uwezo wa kukagua uharibifu wa data na kuhifadhi picha ya hali ya diski kwa wakati fulani.

Njia ya pili ilikuwa ya bidhaa iliyofungwa tayari. Mwezi Januari 2007 Bill Gates alitangaza Windows Home Server, na mwishoni mwa mwaka vikauzwa visanduku visivyo na skrini vilivyosimamiwa kutoka kompyuta nyingine za nyumbani. Kwa familia isiyo na mtaalamu, wazo hilo lilikuwa jema. Lakini toleo la 2011 lilikuja bila Drive Extender, kipengele cha kuunganisha diski ambacho wengi walikipenda, na mwaka 2012 kampuni ilieleza kwamba hakutakuwa na toleo jingine. Usaidizi wa kawaida ulikoma mwezi Aprili 2016. Familia zilizokuwa zimekabidhi kumbukumbu zao kwa mfumo huo zilibaki na mashine nzima isiyo na mtunzaji.

Njia ya tatu ilikuwa ya kompyuta ndogo. Raspberry Pi iliingia sokoni mwezi Februari 2012 kwa bei ya dola 35, na mfumo wake mkuu ulitokana na Debian. Watu wengi waliitumia bila skrini. Urahisi huo ulikuwa na hatari yake, kwa kuwa jina la mtumiaji na nywila ya awali vilijulikana na kila mtu. Mwezi Oktoba 2016, vifaa vilivyotekwa na programu haribifu ya Mirai kwa kujaribu nywila za kiwandani vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mwezi uliofuata, mfumo wa Raspberry Pi ulianza kutolewa ukiwa na SSH iliyozimwa. Aliyetaka kuitumia bila skrini alipaswa kuweka faili tupu lenye jina ssh katika kadi ya kuwashia. Mwaka 2022 mtumiaji wa awali mwenye jina la pi aliondolewa kabisa. Hivyo msimamizi alianza kuulizwa, kabla hata ya kuiwasha mashine, ni nani atakayeruhusiwa kuingia.

6.0 Ahadi ya Muda

Seva iliyo mbali huogopa mabadiliko mawili: sasisho linalovunja kitu, na kukoma kwa masasisho. Historia ya Linux ina mifano ya yote mawili.

Toleo la 9 la Red Hat Linux, lililotolewa mwaka 2003, lilikuwa la mwisho la bidhaa hiyo, na usaidizi wake ulikoma mwaka 2004. Kampuni ilielekeza nguvu katika mfumo wa kulipiwa. Pengo hilo ndilo lililozaa CentOS mwaka 2004, iliyojengwa upya kutokana na msimbo wa mfumo huo wa kulipiwa. Iliaminiwa kwa sababu iliahidi miaka mingi ya utulivu. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kudumu hadi 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021. Waliochagua kwa kufuata ahadi ya miaka walipewa takribani mwaka mmoja wa kuhama. AlmaLinux na Rocky Linux zilianzishwa ili kuziba pengo jipya.

Mwaka 2004 ulileta pia Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini juu ya msingi wa Debian. Jina lake lina nasaba moja na neno utu la Kiswahili. Mwaka 2006 ilitoa toleo la kwanza la usaidizi wa muda mrefu, likiwa na miaka mitano ya masasisho kwa seva. Debian nayo ilianza mpango wa usaidizi wa muda mrefu mwaka 2014, uliolenga kufikisha umri wa kila toleo katika miaka mitano.

Mabadiliko ndani ya mfumo uleule yalikuwa na hatari yake pia. Kwa muda mrefu kadi ya kwanza ya mtandao katika Linux iliitwa eth0. Utaratibu mpya wa majina, ambao Debian iliufuata katika usakinishaji mpya kuanzia toleo la 9 la mwaka 2017, uliipa kadi jina linalotokana na mahali ilipochomekwa. Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake. Hata hivyo, faili la mipangilio lililonakiliwa kutoka mashine ya zamani, likitaja jina lisilokuwapo, lilitosha kuifungia seva nje ya mtandao. Mtu aliye mbele ya skrini hurekebisha kosa hilo kwa dakika moja. Aliye mbali hulazimika kusafiri.

7.0 Pale Watunzaji Walipokosea

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba mfumo wenye utulivu ndio salama daima. Matukio mawili yanalikataza hitimisho hilo lisikubaliwe bila masharti.

La kwanza lilitangazwa tarehe 13 Mei 2008. Badiliko lililofanywa na Debian mwaka 2006 katika maktaba ya OpenSSL lilikuwa limeondoa karibu chanzo chote cha nasibu katika utengenezaji wa funguo. Funguo zilizowezekana zikabaki takribani 32,000 tu kwa kila aina na ukubwa, idadi ambayo kompyuta huweza kuijaribu yote. Debian na Ubuntu ziliathirika, na wasimamizi walilazimika kutengeneza funguo upya. Kosa lilitoka kwa watunzaji wenyewe na lilidumu karibu miaka miwili. Lakini lilitangazwa wazi, pamoja na marekebisho na chombo cha kutambua funguo dhaifu.

La pili liligunduliwa mwezi Machi 2024. Andres Freund, akichunguza kwa nini kuingia kwa SSH kulichukua muda zaidi kuliko kawaida, alikuta mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data. Aliyeuweka alikuwa amejijengea imani ya mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Matoleo hayo yalikuwa yamefika katika mikusanyo ya majaribio ya Debian na Fedora, ila hayakuwa yamefika katika toleo imara la Debian. Waliokimbilia upya ndio waliofikiwa kwanza na hatari. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa tukio hili kauli hiyo ilithibitika kwa maana ya karibu neno kwa neno.

Matukio haya mawili yakiwekwa pamoja, yanaonesha kwamba utulivu wa mfumo hupunguza hatari lakini haumpokonyi msimamizi wajibu wa kufuatilia. Mfumo unaofaa ni ule ambao kosa lake hutangazwa mapema na marekebisho yake huweza kusakinishwa kwa mbali bila kubadili mambo mengine.

8.0 Kuweka Njia ya Kurudi

Mabadiliko ya karibuni yameipa seva uwezo wa kujirudisha yenyewe. Solaris, na baadaye FreeBSD, ziliitumia ZFS kuhifadhi nakala nzima ya mfumo kabla ya sasisho, ili mashine iweze kuwashwa katika hali ya awali. Chombo cha kazi hiyo kiitwacho bectl kilikuja na FreeBSD 12.0 mwaka 2018. Katika Ubuntu, zana ya netplan ina amri ya kujaribu mipangilio ya mtandao. Msimamizi asipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani hurejeshwa. Mantiki yake ni nyepesi: aliyefungiwa nje hawezi kuthibitisha, kwa hiyo ukimya wake huchukuliwa kuwa ni ishara ya kosa.

Desturi za wasimamizi zinafuata mantiki hiyohiyo. Anayebadili mipangilio ya SSH huacha muunganisho wa kwanza ukiwa wazi, kisha hujaribu kuingia kwa muunganisho wa pili. Diski za ziada huwekewa alama ya kuwa si za lazima, ili kukosekana kwake kusizuie kuwaka. Mfumo uliochaguliwa hujaribiwa kwanza ukiwa bado mezani, skrini ikiwa imechomolewa, kwa kuuzima umeme ghafla na kutazama kama mashine itarejea mtandaoni.

9.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa inaonesha kwamba mifumo ya ukoo wa Unix ilifaa seva isiyo na skrini kwa sababu ilizaliwa upande wa pili wa waya. Baada ya SSH kuifanya njia ya kuingia ifanane kote, tofauti kati ya mifumo ilihamia katika muda wa usaidizi, uwazi wa watunzaji na uwezo wa kurudi nyuma. Kwa vigezo hivyo, Debian imara na Ubuntu ya usaidizi wa muda mrefu zinafaa seva ya matumizi mchanganyiko. FreeBSD na mifumo iliyojengwa kwa ZFS ina nguvu zaidi pale uhai wa data na urejeshaji wa mfumo vinapotangulizwa. Mfumo wa kampuni moja unaweza kuwa rahisi zaidi siku ya kwanza, lakini yaliyoipata Windows Home Server na CentOS Linux 8 yanamtaka anayechagua aulize mapema atahamia wapi ahadi ikivunjwa.

Jibu la swali hilo halimo ndani ya mfumo wowote. Nakala ya data iliyohifadhiwa mahali pengine, katika muundo unaosomeka na mifumo mingine, ndiyo humpa msimamizi uhuru wa kubadili uamuzi. Asiyekuwa nayo hata akichagua vizuri huwa ameifunga familia yake kwa uamuzi wa watu asiowajua.